Siku Tuliyoepua Wali wa Chama

Jumbe alipokufa, hata arobaini yake haijaisha, mji ulikuwa umeshagawanyika. Sisi wa nyumba za makuti nyuma ya soko tulikuwa na mtu wetu, na wale wa upande wa pwani, karibu na forodha, walikuwa na mtu wao. Wote wawili walitoka katika ukoo wa majumbe, wote walisali msikiti mmoja, na wazee wa mji walisema yeyote kati yao angefaa. Basi neno likabaki kwetu sisi watu. Kwetu ujumbe haukurithiwa hivi hivi kama kitanda cha marehemu. Mtu alitakiwa aulishe mji, auchezeshe ngoma, auonyeshe kwamba ana watu nyuma yake. Siku ya mwisho wanaume walikwenda uwanjani mbele ya wazee, kila mmoja akasimama nyuma ya amtakaye, na aliyezungukwa na wengi ndiye aliyevikwa kilemba.

Hizo zilikuwa zama za Sultani wa Unguja. Wadachi walikuwa hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, na Liwali wake alituachia wenyeji mambo yetu ya ujumbe maadamu soko halifungwi na misafara inapita.

Mimi nilikuwa mwanamke kijana. Mume wangu alikuwa ameondoka na msafara kwenda bara, nikarudi kukaa kwa mama pamoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza ndevu zilikuwa zinamjaa. Asubuhi nilipepeta mchele wa watu. Alasiri nilipiga upatu, ile sahani ya shaba ya ngoma, katika chama, na alasiri hiyo ndiyo niliyoishi kwa ajili yake.

Sijui niieleze vipi ile raha. Chama kilikuwa ngoma, kilikuwa jiko, kilikuwa nguo unayovaa na mtu unayemsalimia. Sisi tulivaa kaniki, wao wakavaa nyeupe, na Mhindi mwenye duka pale sokoni akatuuzia sote, akasema chama chake yeye ni kitambaa. Wao wakichinja mbuzi, sisi tunachinja ng'ombe. Wao wakitoa ngoma mbili, sisi tunaita wapigaji kutoka Zinga. Tuliimbana mitaani mchana kweupe, tukitajana pua, miguu na mapishi mabovu, na aliyetungiwa wimbo wa kumcheka alicheka naye, kisha akaenda kutafuta mtunzi wa kumjibia. Nikishika upatu, kijiti mkononi, na wanawake wa kaniki wamejipanga nyuma yangu mpaka kwenye kona ya msikiti, nilisikia mwili wote unanisisimka kama mtu aliyetiwa maji ya baridi mgongoni. Sijawahi kupenda kitu vile kabla ya hapo wala baadaye, na nimezaa watoto.

Mtu wetu nilimpenda pia. Alikuwa mnene, mcheshi, mkono wazi. Akipita mtaani alijua mtoto wa nani ana surua na mbuzi wa nani amepotea. Mtu wao alikuwa mkavu. Ukialikwa kwake kunywa kahawa ulitoka na kiu. Wapinzani wake walikuwa wengi, na hata baadhi ya watu wake walimwunga mkono kwa kununa.

Kila chama kilikuwa na vijana wa fimbo. Kazi yao ilikuwa kulinda ngoma, maana ngoma ikipasuliwa na wapinzani ni aibu ya mwaka mzima. Wetu walikuwa kundi zuri la kutazama, wamejipaka mafuta, wamefunga kaniki viunoni, wakirusha fimbo na kuzidaka. Mkuu wao alikuwa mpwa wa mtu wetu, mtoto wa dada yake. Na mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mama alimshonea mkanda mwekundu, nami nikauvuta kwa meno ili fundo likaze.

Lililotuvuruga lilianza na zumari. Mpiga zumari wetu alikuwa bora kuliko wote, mtu mpole kutoka Kaole, aliyehamia mtaani kwetu na mkewe. Siku moja kwenye ngoma, mpwa wa mtu wetu alimpokonya zumari mdomoni na kumwambia apulize kwa nguvu au akalale. Watu wakacheka. Mpiga zumari akaifuta ile zumari kwa shuka yake, akaondoka, na alasiri iliyofuata tukaisikia upande wa pwani. Tulijua ni yake kabla hatujamwona. Nilisimama na upatu wangu mkononi, nikahisi kama mtu ameng'oa mlango wetu na kwenda kuutia kwenye nyumba ya jirani. Alihama chama, lakini hakuhama nyumba. Aliendelea kukaa mtaani kwetu, karibu na ua wa shangazi yangu, na mkewe alikuwa na mimba kubwa.

Siku chache baadaye mpiga zumari alifungua mlango asubuhi akakuta kumbi la nazi kizingitini, limechomwa upande mmoja, jeusi. Kumbi tupu, hakuna aliyesema neno. Lakini kila mtu mwenye paa la makuti anajua kumbi linalowaka linaweza kufanya nini. Likafuata la mwashi mmoja aliyekula karamu ya pwani. Likafuata la mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye kosa lake lilikuwa kusema kwamba mtu wao anaijua sheria zaidi. Sokoni watu wakaanza kuongea kwa sauti ndogo. Watu walioacha kuvaa kaniki wakaanza kuivaa tena, na wengine ambao hawakuwahi kuwa wetu wakaja ngomani, wakasimama pembeni, hawachezi.

Barazani kwa mtu wetu furaha ilikuwa kubwa. Nilikwenda kupeleka chai na shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko letu la chama. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wanaume waliokaa pale walikuwa wanahesabu majina ya waliorudi, wakicheka.

Shangazi akaweka birika chini. "Wamerudi au wamekimbizwa?"

Mtu wetu akamtazama kwa upole wake ule ule. "Dada yangu, vijana wana hasira. Zumari yao imeondoka. Sisi hatukuwatuma."

"Hukuwatuma. Umewakataza?"

"Nikiwakataza kwa sauti, watu wa pwani watasema tumekiri."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akaomba amwagiwe chai. Tulipokuwa tunarudi shangazi alitangulia kwa hatua ndefu. Mimi nilikuwa bado nina furaha. Nilikuwa nawaza jinsi uwanja utakavyojaa kaniki.

Basi ikafika Ijumaa. Karamu kubwa, ile ya mwisho kabla ya watu kusimama uwanjani, ilikuwa Jumapili, na sisi wanawake tulikuwa uani kwa shangazi tunatwanga. Wanaume walikuwa msikitini. Muungwana na mjakazi tulikuwa tumepangana kwenye vinu, michi inapanda na kushuka, na tulikuwa tumeshaanza kuimba. Shangazi akanituma kwa jirani kuchukua ungo mkubwa. Nikapita kichochoro cha nyuma.

Mdogo wangu akatokea mbele yangu. Alikuwa anatembea haraka, kifua wazi, na alikuwa anatoka upande usiokuwa na msikiti.

"Hukwenda kusali?" nikamuuliza.

"Dada, usipite huku leo. Rudi kwa shangazi."

"Kuna nini?"

"Rudi tu." Akanipita. Mikono yake ilinuka mafuta ya nazi na moshi.

Nilisimama pale nikitazama mgongo wake mpaka alipopinda kona. Kisha nikasikia sauti kama ya mtu anayekunja jamvi kavu, nikageuka, na paa la mpiga zumari lilikuwa linawaka upande wa mbele.

Nilikimbia nikipiga kelele za moto. Wanawake wakatoka uani kwa shangazi, wengi wao bado wameshika michi. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukausukuma moto juu ya paa, na makuti ya mbele yakaporomoka mlangoni yote kwa pamoja. Mtu mmoja akasema, "Nyumba haina mtu. Mke amekwenda kwao Kaole kuzaa." Nami nilikuwa nimesikia hivyo. Kisha mwanamke wa nyumba ya pili akajipiga paja akasema amezaa juzi humu humu, uchungu ulimjia mapema, yuko chumba cha ndani na mtoto.

Hapo tukamsikia. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaita mama yake.

Shangazi akazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, mgumu, umepigwa vizuri. Akaupima kwa kiganja, akarudi hatua, akaupiga kwa mchi. Udongo ukadondoka kidogo. "Twangeni," akasema. Tukatwanga. Tulipanga safu kama tulivyokuwa vinuni, huyu akiinua yule anashusha, na sijui nani alianza, lakini tulikuwa tunahesabiana pumzi kwa sauti ile ile ya kutwangia. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyufa. Mikono iliniuma mpaka sikuisikia tena. Fito za kwanza zikavunjika, shangazi akatia mkono akazivuta, ngozi ya mkono wake ikachanika mpaka kwenye kiwiko, hakutazama. Tundu likapata ukubwa wa ungo. Kikatoka kwanza kifurushi cha kanga, nikakipokea mimi. Kilikuwa chepesi kama mkate. Nikakiweka sikioni na sikusikia kitu, nikakitikisa, na mtoto akaanza kulia kwa hasira. Nami nikalia naye, nikicheka, na wanawake wote walionizunguka walikuwa wanalia na kucheka na kukohoa.

Mama yake tulimtoa kwa kumvuta mabega. Alikuwa ameungua mguu na nywele za upande mmoja. Tulipomlaza chini ya kivuli, paa lote likaingia ndani.

Mpiga zumari alikuja mbio kutoka msikitini, bila viatu, na umati wote nyuma yake. Alipomwona mkewe na mtoto alikaa chini pale pale kwenye majivu, na shangazi akamwekea mtoto magotini.

Nilitaraji kwamba baada ya hayo yote yangeisha. Ningewezaje kutaraji vingine? Lakini kabla ya alasiri kuingia nilisikia kisimani kwamba watu wa pwani wameichoma wenyewe ile nyumba ili kutuchafua. Aliyesema alikuwa mwanamke aliyeshika mchi kando yangu. Nikamuuliza amesikia wapi, akasema barazani. Alikuwa anaamini. Alitaka kuamini, maana alikuwa amevaa kaniki, na mimi nilijua utamu wa kuivaa.

Nilikwenda nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma ya banda la kuku, anasugua mikono kwa mchanga.

"Tulijua amekwenda kwao," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wallahi tulijua nyumba haina mtu."

"Mlikuwa nani?"

"Tulitaka aogope tu. Na wengine waone."

"Wameona," nikamwambia. "Nani alikuambia ufanye?"

Akachota mchanga mwingine. "Hakuna aliyeniambia. Ila hakuna aliyesema tusifanye. Tukiingia barazani baada ya yale makumbi, wazee walitupisha tukae juu ya mkeka."

Nikaenda kwa shangazi nikamweleza yote. Alikuwa anafungwa mkono kwa kitambaa. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Aliniuliza kama najua nitakalosababisha. Huyo alikuwa mdogo wangu, na mama alikuwa hana mtoto mwingine wa kiume.

Kesho yake habari zikatufikia kutoka pwani. Vijana wao wa fimbo walikuwa wamekusanyika ili kuja kutuchomea. Mtu wao, yule mkavu, alisikia. Akatoka na kiti chake akaketi katikati ya njia ya kuja kwetu, akawaambia atakayepita akiwa na kijinga cha moto amkanyage yeye kwanza. Kijana mmoja, mtoto wa kaka yake, akamtukana. Mzee akainuka, akamfunga mikono kwa kilemba chake mwenyewe na kumpeleka kwa kadhi, kichwa wazi, mji unatazama. Aliyetusimulia alikuwa mama mdogo wangu, aliyeolewa pwani, na alikuwa ameyaona kwa macho.

"Kichwa wazi?" shangazi akauliza.

"Kichwa wazi, dada. Na kipara chake kile."

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha akaniambia, "Kesho tutapika kama kawaida. Waambie wanawake waje mapema."

Jumapili asubuhi ua wa mtu wetu ulikuwa unafuka kama mji unaohamishwa. Masufuria makubwa ya shaba yalikuwa juu ya mafiga, ng'ombe walikuwa wameshachinjwa, bizari na samli zilikuwa zinanukia mpaka sokoni. Wageni walianza kuingia kutoka Kaole na Zinga, wamevaa vizuri, wakapangwa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Ngoma zikaanza. Nilisikia upatu wa mtu mwingine ukipigwa badala ya wangu. Mimi nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, na moyo wangu ulikuwa unakwenda kasi kuliko zile ngoma.

Wali ulipoanza kukauka maji, shangazi akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria. Tulikuwa tumekubaliana. Wanawake wakachukua matambara, wawili wawili, wakaziepua sufuria zote, wali na nyama, wakaziweka chini mchangani. Shangazi akachukua ndoo ya maji na kuumwagia moto wa kwanza. Mvuke ukapanda. Nami nikamwagia wa pili. Tukaenda hivyo mpaka wa mwisho, kisha tukakaa chini, tukawapa watoto wetu maziwa, tukafunga leso zetu vizuri na kusubiri.

Haikuchukua muda. Kwanza alikuja mtumishi, akarudi. Akaja mzee mmoja wa baraza, akatuita wajinga, akarudi. Wageni walikuwa wanauliza mbele mbona hakuna harufu tena. Mwishowe akaja mtu wetu mwenyewe, na joho lake la karamu, akaingia uani kwa wanawake, jambo ambalo mwanamume wa heshima halifanyi. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Dada yangu, umefanya nini?"

"Nimeepua," shangazi akasema. Hakuinuka.

"Mji mzima uko mbele pale."

"Ndiyo nafasi nzuri. Toka ukawaambie ni nani walioichoma nyumba ya mpiga zumari."

"Mimi sikuwatuma."

"Hatujakuuliza aliyewatuma. Tumekuomba uwataje."

Akashusha sauti. "Nikiwataja nitapoteza vijana."

"Usipowataja umepoteza wali."

Baadhi ya wanawake wakacheka chinichini. Yeye hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja, na nadhani ndipo alipotuona kwa mara ya kwanza bila ya chakula mikononi. Kisha akasema kwa uchungu kweli, "Mnataka watu wa pwani watushinde?"

Nami nikajibu, ingawa haikuwa zamu yangu. "Bwana, mimi nimekupigia upatu mpaka vidole vikaota sugu. Nataka ushinde. Lakini mwashi na mwalimu wakisimama nyuma yako kwa kuogopa kumbi, hao si watu wako. Hao ni watu wa kumbi."

Akasimama pale, anapangusa uso kwa ncha ya joho. Niliona anahesabu moyoni, kisha nikaona ameacha kuhesabu. Akageuka na kutoka. Tukamfuata wote, mpaka kwenye pembe ya nyumba.

Alizinyamazisha ngoma kwa mkono. Akasema mbele ya wageni kwamba nyumba ile imechomwa na watu wa chama chake, na si watu wa pwani, na aliyesema ni watu wa pwani amesema uongo barazani kwake naye akamsikia akanyamaza. Akamwita mpwa wake kwa jina. Mpwa akaja mbele, amelaza fimbo begani, anatabasamu.

"Nani aliyeona?" akauliza. "Mjomba, nani aliyeona?"

Mtu wetu mwenyewe hakuona. Shangazi akanishika bega, hakunisukuma, alinishika tu. Nilitembea mpaka katikati ya mikeka, mbele ya wanaume wote wale.

"Mimi nilimwona mdogo wangu," nikasema. "Alitoka kichochoro cha nyuma wakati wa sala, mikono inanuka mafuta na moshi. Mwulizeni yeye alikuwa na nani."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye ngoma, na ule mkanda mwekundu. Alinitazama kana kwamba nimemfungulia mlango asioujua. Mama yangu, aliyekuwa nyuma na wazee wa kike, alitoa sauti moja fupi. Mdogo wangu akafungua mkanda, akauweka juu ya ngoma, akasema, "Ni kweli. Nilikuwepo." Akataja wengine, na wa kwanza aliyemtaja alikuwa mpwa.

Mpwa hakungoja. Aliondoka na fimbo yake, na vijana wengi wakamfuata, na baba zao baadhi wakainuka kwenye mikeka wakawafuata vijana, wakimwambia mtu wetu amekiuza chama kwa ajili ya wanawake wa jikoni. Mikeka ikabaki na mapengo makubwa. Mtu wetu alisimama katikati ya mapengo hayo, mwekundu machoni, na nikampenda zaidi ya siku zote za ngoma.

Tukarudi kuwasha moto. Wali ule ulikuwa umelowa upande mmoja na kuungua upande wa pili, na ulitoka saa wageni walipokuwa wameshakata tamaa, lakini uliliwa. Mpiga zumari alikuja, akakaa karibu na mlango. Alikula kidogo. Hakuchukua zumari yake, na hakuna aliyemwomba.

Waliobaki kati ya waliochoma walipelekwa kwa kadhi. Mdogo wangu aliamriwa pamoja na wenzake waijenge upya ile nyumba kwa mikono yao, na kisha asionekane mjini mpaka wazee waridhike. Niliwaona wakikata fito na kukanda udongo. Mke wa mpiga zumari alikaa kwa jirani, mguu umefungwa, mtoto kifuani, akiwatazama kila siku mpaka walipofunika paa. Mpwa alikimbilia njia ya Saadani, na hatukupata habari zake za kuaminika tena.

Siku ya kusimama uwanjani tulishindwa. Nilitazama kutoka kwenye baraza la mwalimu wa chuo, shangazi kando yangu na mkono wake ukiwa bado umefungwa. Watu walikuwa wanatembea taratibu kutoka huku kwenda kule, wanasalimiana njiani. Mwashi alikwenda pwani bila kutazama nyuma. Mwalimu naye. Nyuma ya mtu wetu walibaki watu wachache kuliko tulivyowahi kuwa, lakini walisimama wamenyoosha vichwa, na baadhi yao walikuwa watu ambao sikuwatarajia kabisa, wazee wa Zinga waliokuwa kwenye mikeka ile. Moyo ulinidunda vile vile kana kwamba tulikuwa tunashinda. Yule mkavu akavikwa kilemba. Akautawala mji kwa haki na kwa ubahili mpaka mwisho, na sikumbuki hata mara moja tuliyokula tukashiba kwake.

Mtu wetu alimpelekea ng'ombe siku ya pili, wakanywa kahawa pamoja.

Mdogo wangu alikwenda Mkange, akalima, akaoa huko. Kwa muda mrefu hakutaka kunisikia. Mama alipokufa alikuja maziko, akabeba jeneza na wanaume, akanipa mkono na kunipa pole kama anavyompa pole mtu wa mji mwingine. Miaka ikapita ndipo alipomtuma mwanawe wa kwanza aje akae kwangu asome chuo, na mtoto huyo aliponisalimia mlangoni alisema baba amemwambia anishike miguu vizuri. Nilimwitikia marahaba, nikamwingiza ndani. Baba yake mwenyewe hakuja.

Chama chetu hakikufa. Mume wangu aliporudi kutoka bara alinikuta bado na kijiti cha upatu, na vidole vile vile vyenye sugu. Tuliongeza amri moja tu, na aliyeitoa ni shangazi: walinzi wa ngoma wawe wazee. Ungekuja alasiri ungewaona wamepangwa mbele yetu, magoti mabovu, fimbo za kutembelea mikononi, wanalinda. Watu wa pwani walitutungia wimbo wa kuwacheka wazee wale, wimbo mzuri sana, na mpiga zumari ndiye aliyeupulizia. Tulicheka mpaka tukakaa chini, kisha tukaanza kutafuta mtunzi wa kuwajibu.